Boti Iliyotumika ya Bwana Kiboko

— Mmekaa?
— Tumekaa.
— Na masikio?
— Tumekuja nayo.
— Ngano ikivuja?
— Tutaiziba.

Haya. Leo mna kazi. Nikisema "mashine", ninyi semeni "pfuuu". Tujaribu. Mashine.

— Pfuuu.

Wewe wa nyuma umechelewa, lakini tutakwenda nawe hivyohivyo.

Palikuwa na jiwe kubwa ziwani, na juu ya jiwe waliishi pimbi. Pimbi mnamjua: mnyama wa ukubwa wa sungura aliyeshiba, hana mkia, hana shingo, na watu wakitaka kumdharau mwenzao humwita kwa jina lake. Mmoja wao aliitwa Nyanzobe, na huyo ndiye mwenye ngano. Nyanzobe alikuwa na bibi yake mzee, alikuwa na wadogo zake kumi na wawili, na alikuwa na tabia moja. Jambo likimshinda kulielewa, alijikuna sikio kwa ukucha wa mguu wa nyuma. Kru, kru, kru. Siku nyingine alijikuna mara moja tu. Siku ninayowasimulia, sikio nusura ling'oke.

Hapo mwanzo jiwe lile liliungana na nchi kavu kwa kipande cha mchanga. Ikaja mvua, ikaja mvua juu ya mvua, ziwa likapanda. Likameza mchanga. Likameza pango la chini. Likameza pango la kati. Kila asubuhi Nyanzobe aliweka kokoto pale maji yalipoishia, na kila asubuhi iliyofuata kokoto ilikuwa imezama. Pimbi hawajui kuogelea. Wakibaki pale watakufa maji, na hilo hata mtoto alilielewa bila kujikuna.

Kilichobaki juu ya jiwe ni pango moja la mwisho na shamba lao la maboga. Maboga yalikuwa yamekomaa, manene, ya njano. Hayo ndiyo chakula chao cha mwaka mzima, na humo ndimo zilimo mbegu za mwaka unaofuata.

Ng'ambo, kwenye matete yaliyo chini ya mlima wa mawe, aliishi Bwana Kiboko. Mkubwa, mwenye nguvu, mdomo wazi tangu asubuhi. Mwaka uliopita alikubali kumvusha binamu wa Nyanzobe mgongoni, akalipwa boga moja. Wakiwa katikati akakumbuka kwamba chini kuna majani matamu. Chubwi, akazama. Binamu aliokolewa na gogo lililokuwa likipita na shughuli zake. Kiboko alipoulizwa alisema alisahau kwamba ana abiria. Tangu siku hiyo hakuna pimbi aliyeutaka mgongo ule hata bure.

Sasa wavuvi nao walihama kwa sababu ya maji. Waliacha kwenye matete boti ndogo ya bluu iliyopauka, na nyuma yake mashine nyeusi yenye kamba inayoning'inia. Kiboko akailalia siku mbili, akaona si tamu, haitafuniki. Siku ya tatu akapata wazo. Akainua kichwa akaita mpaka jiwe likaitikia.

"Enyi pimbi. Boti inauzwa. Imetumika, lakini nzima."

Pimbi wote wakamtazama Nyanzobe, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na miguu ya haraka na bibi mwenye sauti kubwa. Bibi akasema, "Nenda ukaitazame, mjukuu wangu. Ukidanganyika, tumekwisha."

Nyanzobe akashuka mpaka ukingoni. Hakuwa amewahi kununua hata ufagio.

Akasimama, akangoja, na boti ikaja. Ilikuja yenyewe, polepole, kimya, hakuna mtu ndani, hakuna mlio. Ilipofika ikagonga jiwe, ngo. Mara Bwana Kiboko akaibuka pembeni, maji yakimtiririka masikioni.

"Umeiona ilivyokuja?" akasema.

"Nimeiona. Imekujaje?"

"Kwa mashine."

(Mashine.)

— Pfuuu.

(Vizuri.)

"Mbona mashine haikulia?" Nyanzobe akauliza. "Za wavuvi zilikuwa zinalia tuku-tuku-tuku mpaka watoto hawalali."

"Hizo ni mashine mbaya, binti. Mashine nzuri hailii. Inafanya kazi yake kimya, kama mimi."

Nyanzobe akatazama mbele ya boti, akatazama nyuma ya boti. Hakuelewa. Kru, kru, kru.

"Umesema boti imetumika. Imetumika maana yake nini?"

"Maana yake imeshafanya kazi," Kiboko akasema. "Boti mpya ni kama kibarua mgeni, lazima umwelekeze kila kitu. Hii imetumika. Inajua kwenda, inajua kurudi. Wewe kaa tu."

Shemeji yangu naye aliambiwa hivyohivyo, akaamini, akanunua. Leo anafugia bata ndani ya ile boti. Lakini tumwache shemeji.

Nyanzobe akaingia ndani, mguu mmoja, akautoa, akaurudisha. Kiboko akaanza kumfundisha. Mengi aliyasikia kwa wavuvi akiwa amejificha kwenye matete, na kwa kuwa hakuyaelewa, aliyasema kwa sauti kubwa.

"Mbele panaitwa omo. Nyuma panaitwa tezi."

"Tezi?" Nyanzobe akapaona pale nyuma palivyotuna. "Pole yake. Imevimba tangu lini?"

"Haijavimba. Ndiyo jina lake. Na lile jiwe lenye kamba ni nanga. Nanga ndiyo inayoshika kitu kisipotee. Umeelewa?"

"Nimeelewa," akasema Nyanzobe, na kweli hilo alidhani amelielewa. Kumbukeni hilo.

"Na maji yakiingia ndani, unafua."

"Nafua nini?"

"Unafua maji."

"Maji yanafuliwa?"

"Wavuvi wanafua kila siku," Kiboko akasema kwa hasira kidogo, maana hata yeye hakujua wanafuaje.

Nyanzobe akajikuna. Aliona aibu. Alijiona ni yeye peke yake duniani asiyejua kwamba maji yanafuliwa. Akakumbuka swali moja ambalo kila mnunuzi wa mashine huuliza, alilisikia kwa wavuvi, akaona heri aulize naye aonekane mjuzi.

"Na mafuta je? Inakula mafuta mengi?"

Kiboko akashtuka. Akatazama tumbo lake upande wa kulia, akatazama upande wa kushoto. "Mafuta ya nani?"

"Ya mashine. Wavuvi walisema mashine inakula mafuta."

"Hii haili mafuta ya mtu," akasema Kiboko, akasogea nyuma hatua mbili kutoka kwenye ile mashine. "Nani kaleta habari za mafuta yangu?"

"Yako?"

"Tuseme bei," akasema Kiboko haraka. "Bei ni maboga."

"Mangapi?"

"Yote."

Nyanzobe akageuka akalitazama shamba. Maboga yote ni kula kwao na kupanda kwao. Lakini kokoto ya asubuhi ilikuwa imeshazama, na maji yalikuwa yanalamba mlango wa pango la mwisho. Akasema, "Kwanza niijaribu."

Kiboko akasema haina haja. Nyanzobe akasema wavuvi walikuwa wakijaribu. Kiboko akafikiri, akafumba jicho moja.

"Sawa. Shika huo mkono wa mashine. Mimi sina kazi hapa, nakwenda zangu kwenye matete. Hesabu mpaka tano, kisha useme: mashine, twende."

Akazama. Viputo vikapanda, blu, blu, blu. Nyanzobe akahesabu mpaka tano, akakosea, akaanza upya. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mashine, twende."

— Pfuuu.

Boti ikaenda. Nyanzobe akavuta mkono wa mashine kulia, boti ikaenda kushoto. Akavuta kushoto, boti ikaendelea kushoto. Akauachia kabisa, boti ikazunguka jiwe vizuri kuliko alipoushika. Kila baada ya kitambo kidogo ilisimama, nyuma yake kukasikika pfuuu, kisha ikaendelea. Na pale nyuma palinuka majani yaliyotafunwa.

"Mashine," Nyanzobe akauliza kwa adabu, "unaumwa?"

Mashine haikujibu. Boti ikamrudisha ukingoni, ngo. Muda si mrefu Kiboko akaibuka, anahema kama aliyefukuzwa.

"Umeionaje?"

"Mbona unahema, Bwana Kiboko?"

"Nimekimbia kutoka kwenye matete nikuwahi."

Nyanzobe akatazama matete yalivyo mbali. Akatazama miguu ya Kiboko ilivyo mifupi. Akamtazama usoni, na juu ya pua yake akaona doa la rangi ya bluu iliyopauka. Akataka kumwambia ajifute. Akaona si adabu kumsema mtu mzima kuhusu pua yake. Akaomba ruhusa akazungumze na bibi.

Juu kwenye pango alimkuta bibi ameshapandisha matandiko kichwani, maji yamelowesha sakafu. Bibi hakuona vizuri siku hizo, ila masikio yake yalikuwa mazima.

"Haya, niambie. Boti ikoje?"

"Bibi, sielewi kitu. Kichwa kinaniuma. Ina tezi lakini haiumwi. Maji yake yanafuliwa. Mashine hailii, inahema. Inanuka majani. Nikiulizia mafuta ya mashine, Kiboko anatazama tumbo lake. Kiboko alisema yuko kwenye matete, na pua yake ina rangi ya—"

Mguu wa nyuma ulikuwa umeshainuka kwenda kwenye sikio, ukabaki hewani.

"Ina rangi ya nini?" akauliza bibi.

Nyanzobe akaushusha mguu chini bila kujikuna. "Bibi," akasema, "umewahi kuona mashine yenye pua?"

Bibi akafikiri. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka matandiko yakamtoka kichwani. "Basi boti haina mashine."

"Inayo, tena yenye nguvu. Ila sijui kama mwenyewe anajua kwamba tunajua. Na mimi sijui kama ninajua vizuri."

"Usimnunue huyo," akasema bibi. "Mjaribu."

Nyanzobe akarudi ukingoni. Alipofika akajikuna sikio kwa nguvu, kru, kru, kru, Kiboko amwone.

"Bwana Kiboko, bibi yangu ni mtu wa zamani. Anasema boti iliyobeba pimbi mmoja haijajaribiwa. Anataka ijaribiwe na uzito wake wote, kutoka hapa mpaka kwako ng'ambo. Nikiridhika, tunapeana mkono hukohuko."

"Uzito wote ni nini?" akauliza Kiboko, akaugusa mgongo wake uliokuwa ukiuma.

"Ni sisi wote. Na maboga yote."

Kiboko alikuwa anataka kukataa. Nguvu alikuwa nazo, lakini kazi hakuipenda. Aliposikia maboga, masikio yakasimama. Jiwe lile hawezi kulipanda, na angelipwa pale angeyabebaje? Moja moja mdomoni? Angeyameza njiani, halafu aone uchungu kwamba yamekwisha. Sasa pimbi wenyewe wanampelekea mpaka mlangoni. Na wakishapeana mkono, mashine ikatae kwenda, hiyo ni shauri yao.

"Utaridhika tu," akasema. "Pakieni."

Wakapakia. Pimbi kwa boga, pimbi kwa boga, mkubwa kwa mdogo. Nyanzobe akasimamia kazi, na hapo ndipo alipofanya jambo ambalo mpaka leo watu wanagombana juu yake. Alikuta ndani ya boti wavu wa zamani. Akatia maboga yote ndani ya wavu, akaufunga mdomo wake kwenye kamba ya nanga, fundo juu ya fundo. Mdogo wake mmoja akamuuliza anafanya nini. Akajibu, "Nanga ndiyo inayoshika kitu kisipotee. Bwana Kiboko mwenyewe kanifundisha."

Bibi akawekwa kwenye omo. Nyanzobe akakaa kwenye tezi. Kiboko akaaga kwamba anawahi kwake kuandaa pa kuyaweka maboga, akazama, blu, blu, blu.

Nyanzobe akahesabu mpaka tano. "Mashine, twende."

— Pfuuu.

Boti haikutikisika.

"Mashine, twende."

— Pfuuu, pfuuu.

Boti ikaachana na jiwe. Watoto wakashangilia. Nyanzobe hakushangilia, maana alitazama nyuma akaona pango la mwisho maji yameingia, na akaelewa kwamba sasa hakuna pa kurudi. Mbele maji, nyuma maji, na chini ya boti mtu aliyewahi kumsahau abiria.

Wakaenda. Boti inakwenda, inasimama, inahema. Inakwenda, inasimama, inahema. Walipofika katikati, mdogo mmoja akasema miguu yake imelowa. Nyanzobe akatazama chini. Boti ilikuwa na tundu, na tundu lilikuwa limezibwa kwa tope, na tope ndilo hilo linayeyuka. Maji yalikuwa yanachungulia ndani, bwi, bwi, bwi.

"Fueni," akapiga kelele. "Maji yanafuliwa, fueni."

Wadogo zake kumi na wawili wakapiga magoti. Walikuwa watoto watiifu. Wakaanza kufikicha maji kwa viganja vyao, wakayasugua, wakayakamua, mmoja akauliza sabuni iko wapi. Maji yakazidi kupanda. Nyanzobe akayafikicha naye, akilia. Alijua kuna kitu anakosea ila hakujua ni kipi.

Bibi akasikia maji yamefika tumboni mwake. "Mnafanya nini ninyi?"

"Tunafua, bibi."

"Nani kawaambia maji yanataka kutakata? Yachoteni myamwage nje."

Kumbe ndiyo hiyo. Wakachukua kibuyu kilichopasuka, wakachukua mikono yao, wakachota wakamwaga, wakachota wakamwaga. Maji yakaacha kupanda, lakini hayakupungua.

Hapo mashine ikanyamaza.

Nyanzobe akasubiri pfuuu. Haikuja. Boti ikaanza kuyumba pale katikati, kwenye kina ambacho hata Kiboko hagusi chini. Kisha upande wa kulia, mbali kidogo, kikaibuka kichwa chenye doa la bluu.

"Jamani, mko hapa tu?" akasema Bwana Kiboko. "Mimi nilikuwa napita zangu. Naona mashine imelala."

"Imelala," akasema Nyanzobe.

"Hutokea. Na maji yanaingia. Poleni sana."

Lakini macho yake hayakuwa kwa pimbi, yalikuwa kwa maboga. Alikuwa amechoka, mgongo unauma, na huko chini kwenye giza la maji alikuwa amefikiri jambo. Boga linaelea. Pimbi haelei. Boti ikizama, hakuna wa kuridhika wala wa kutoridhika, na maboga yatabaki juu ya maji, ya njano, yanamngoja. Akatulia akangoja. Akatabasamu kwa meno yote.

Nyanzobe aliliona lile tabasamu. Aliogopa mpaka akasahau kuficha kwamba anaogopa. Akageuka akamwita bibi kwa sauti ya kutetemeka, na maneno aliyosema ni haya:

"Bibi, tusiwe na wasiwasi juu ya maboga. Sisi tutakufa, lakini maboga hayatapotea. Nimeyafunga yote kwenye nanga."

Tabasamu la Kiboko likafa mdomoni.

"Umeyafunga wapi?"

"Kwenye nanga, Bwana Kiboko. Yasipotee. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Nanga ni jiwe, wewe pimbi. Itakwenda nayo chini kabisa."

"Ndiyo. Huko hakuna mtu wa kuyaiba."

"Huko ni tope. Tope linameza hata gogo. Fungua."

"Nafungua vipi? Nimefunga fundo juu ya fundo, na mikono yangu inachota maji."

Kiboko akatazama maji yalivyo ndani ya boti. Akatazama wavu. Akaona maboga yote, ya mwaka mzima, yakishuka gizani mpaka chini asikofika. Aliumia moyo kama aliyefiwa.

"Mimi nakwenda," akasema. "Iamshe mashine yako. Upesi."

Akazama. Nyanzobe hakuhesabu mpaka tano. "Mashine, twende."

— Pfuuu!

Ndugu zangu, boti ile ilikwenda. Haikusimama, haikupumzika. Omo ikainuka juu na bibi yake ndani, tezi ikachemka, mawimbi yakapasuka huku na huku. Pfuuu, pfuuu, pfuuu. Hata mashine za wavuvi hazikuwahi kwenda vile. Watoto walichota, wakamwaga, wakachota, wakamwaga, na kabla maji hayajashinda, boti ikapanda nchi kavu kwaruuu, ikasimama juu ya mchanga, chini ya mlima wa mawe.

Pimbi wakaruka. Bibi akashushwa. Nyanzobe akakata kamba ya nanga kwa meno, maana kumbe fundo juu ya fundo halihitaji kufunguliwa, na kila pimbi akachukua boga lake akalisukuma juu ya mawe, gudu, gudu, gudu. Kiboko alipopata pumzi ya kutoa kichwa majini, maboga yalikuwa yameshafika pale ambapo miguu yake haiwezi kupanda.

Akajikokota mpaka mchangani. Pua yake yote ilikuwa bluu. Alisema kwa shida, akihema kila neno.

"Haya. Umefika. Tupeane mkono. Leteni maboga."

Nyanzobe akasimama juu ya jiwe. Akajikuna sikio.

"Bwana Kiboko, nimeijaribu. Kusema kweli sijaridhika."

"Hujaridhika na nini?"

"Boti inavuja. Nikivuta kulia inakwenda kushoto. Na mashine inahema sana, nadhani ni ya zamani."

"Lakini imekufikisha."

"Imenifikisha, nashukuru. Ndiyo maana siihitaji tena. Sisi sasa tunakaa mlimani. Boti mlimani ya nini?"

Kiboko akafungua mdomo. Alitaka kusema kwamba si mashine iliyomfikisha, ni yeye, mgongo wake na pua yake. Akaona akisema hivyo, amesema mwenyewe kwamba mashine ni mbovu na alikuwa anauza uongo. Akaufunga mdomo. Akaufungua tena. Akaufunga. Alifungua na kufunga mara saba, na hakuna neno lililotoka.

Nyanzobe akamwonea huruma. Akachukua boga moja, akashuka nalo, akaliweka juu ya ile mashine nyeusi kwenye tezi ya boti.

"Hili la mashine," akasema. "Maskini, imechoka. Nilisahau kuuliza mapema inakula nini."

Kisha akamtazama Kiboko usoni, akapaona pale puani.

"Nilikuuliza imetumika maana yake nini, Bwana Kiboko, nikawa sielewi. Sasa nimeelewa. Kweli imetumika. Imetumika vizuri sana, na hilo boga ndiyo asante yake."

Akapanda mlima, akaenda kumsaidia bibi.

Kiboko akabaki mchangani na boti yake. Akalitazama boga juu ya mashine. Njaa ilimuuma, lakini akilila, itakuwa yeye ndiye mashine. Asipolila, atakuwa amefanya kazi yote ile bure. Akakaa akifikiri ni kipi hasa kilichotumika siku ile. Alifikiri sana. Mwisho akalila boga, akalia kidogo, na tangu siku hiyo ukimpita Kiboko majini ukamwita kwa jina lolote, jibu lake ni moja tu. Mnalijua?

— Pfuuu.

Ndilo hilo. Na Nyanzobe? Mpaka kesho hajui ile kamba iliyokuwa kwenye mashine ilikuwa ya kuvutwa au ya kuanikia nguo. Na kama maboga aliyafunga kwenye nanga kwa ujinga au kwa ujanja, bibi yake alimuuliza mara nyingi. Hujikuna tu.

Sasa funzo, maana ngano bila funzo mtasema nimewapotezea muda. Funzo ni hili: kabla hujaenda kununua boti iliyotumika, jifunze kwanza kila kitu kuhusu boti.

— Lakini Nyanzobe hakujua kitu!

Ndiyo maana hakununua. Shemeji yangu alijua kila kitu, na bata wake hawajambo, wanawasalimu.

Ngano imefika nchi kavu, mimi nimeshuka. Ikiwa imevuja mahali, fueni wenyewe.